Shirika Linalomzidi Umri Mwanzilishi Wake

Nakivale ni kongwe kuliko Uganda huru. Makazi haya ya wakimbizi, yaliyo wilayani Isingiro jirani na Mbarara, yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, miaka miwili kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa. Walitangulia Wanyarwanda, wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na leo wakazi ni zaidi ya laki moja na nusu. Watu wamezaliwa hapo, wameoa na kuolewa hapo, wamezikwa hapo. Lakini fungua mpango wa kazi wa shirika dogo la Nakivale, liwe la vijana wa Base Camp, la akina mama wa Juru au la wakulima wa Rubondo, na ni nadra kukuta ukurasa unaovuka mwezi wa mwisho wa ruzuku iliyopo. Mahali pana umri wa zaidi ya miaka sitini, na mashirika yake yanahesabu uhai kwa miezi.

Mwaka 2025 ulionyesha gharama ya kuishi hivyo. Januari, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 USAID ilikuwa imekoma kuendesha misaada hiyo. Mwezi Mei, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilieleza kwamba wakimbizi milioni moja nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula kwa kukosa fedha, katika nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika. Mashirika makubwa yanapopunguza watu, madogo yanayopata fungu lao kupitia kwao hubaki na kibao cha mlangoni na deni la kodi ya chumba. Hata siku za neema fungu hilo halikuwa nono. Mwaka 2016 wafadhili wakubwa walikubaliana, katika mapatano yaliyoitwa Grand Bargain, kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura iwafikie watendaji wa nchi husika kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka huo ulipowadia, fedha zilizowafikia moja kwa moja zilikuwa asilimia chache tu.

Makala haya yanapendekeza jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni mzaha: shirika dogo la Nakivale au Mbarara lianze kuwaomba watu waliandike kwenye wosia wao. Utoaji wa namna hii hupangwa mapema. Mtu anaamua leo, akiwa na akili timamu na bila haraka, kwamba sehemu ya mali yake, ya mafao yake ya bima au ya akiba yake ya uzeeni itakuja kwa shirika siku za mbele, aghalabu baada ya kufa kwake. Hoja yangu ni kwamba faida ya kwanza ya mpango huu haimo katika fedha zitakazopatikana, kwa sababu zitachelewa na huenda zikawa kidogo. Faida ya kwanza ni kwamba huwezi kuomba urithi kwa dhamiri safi kabla hujajenga shirika litakaloishi kuliko mwanzilishi wake, na ujenzi huo ndio ambao mashirika madogo yamekuwa yakiuahirisha kila ruzuku inapoingia. Mfadhili wa mradi anaweza kujiridhisha kwa kumwamini mwanzilishi aliye mbele yake. Mwandika wosia hana budi kuiamini taasisi, maana siku wosia utakapofunguliwa yeye hatakuwapo, na mwanzilishi huenda asiwepo pia.

Je, watu hutoa kwa njia hii kweli? Marekani, kwa hesabu zinazochapishwa kila mwaka na Giving USA, karibu asilimia 8 ya michango yote ya hisani hutoka kwenye wosia. Ushahidi wenye faida zaidi kwa shirika dogo unatoka Uingereza. Mwaka 2013 watafiti wa Behavioural Insights Team walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa na kampuni inayowaandikia watu wosia kwa njia ya simu. Katika kundi la wateja ambao hawakuulizwa lolote kuhusu hisani, asilimia 5 hivi waliacha kitu kwa shirika. Katika kundi lililoulizwa tu kama wangependa kufanya hivyo, waliotoa walifika karibu asilimia 10. Katika kundi lililoulizwa kama kuna jambo wanalolijali sana moyoni ambalo wangependa kuliachia kitu, walifika karibu asilimia 15. Watu walikuwa wa aina ileile katika makundi yote matatu. Kilichobadilika ni kuulizwa, na namna ya kuulizwa. Kwa hiyo kabla ya kusema watu wetu hawawezi kutoa hivi, tujiulize kama kuna aliyewahi kuwauliza.

Hata hivyo usibebe vitabu vya Marekani na Uingereza mzimamzima. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo inahusu kodi: namna ya kutoa ili familia ipunguziwe kodi ya mirathi. Uganda haitozi kodi ya mirathi, kwa hiyo sura hizo hazina kazi Mbarara, na anayewanakili wataalamu wa huko atajikuta anawaahidi watu nafuu isiyokuwepo. Kuna jambo jingine la kuchuja. Utafiti wa Marekani unaonyesha kwamba watu wasio na watoto ndio wanaoongoza kuacha mali kwa mashirika. Kwetu, kumfuata mtu kwa sababu hakujaliwa mtoto ni kumtonesha kidonda mbele za watu. Ukichuja hayo yote, kinachobaki ni kile ambacho kila jamii inacho: mtu hutaka alilolipenda liendelee, na hutaka atajwe kwa wema.

Hilo watu wa Afrika Mashariki hawakungoja kufundishwa. Pwani, kwa karne nyingi, Waislamu wameweka nyumba na mashamba ya minazi kuwa wakfu kwa ajili ya misikiti, vyuo na maskini, na Zanzibar hadi leo ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kusimamia mali hizo. Wakfu uliowekwa vizuri hutaja mambo matatu: ni mali gani, ni kwa faida ya nani, na msimamizi ni nani. Pale ambapo mambo hayo yameandikwa na msimamizi ni mwaminifu, mali hudumu vizazi. Yasipoandikwa, warithi na majirani huigawana. Ankole, eneo lenye Mbarara na Nakivale, nako kuna vikundi vya engozi, majirani walioungana tangu zamani kubeba wagonjwa na maiti kwa machela, na ambao sasa huchanga fedha za mazishi, hutunza orodha ya wanachama na kumtoza faini asiyefika msibani. Ndani ya Nakivale vikundi vya kuweka na kukopa vimejaa, na taasisi ya fedha ya UGAFODE ilifungua tawi humo mwaka 2020. Kupanga pamoja kwa ajili ya kesho, hata kwa ajili ya kifo, ni desturi iliyokwisha kukomaa. Inayokosekana ni hatua moja, ya kutoka kwenye mchango wa mazishi hadi kwenye kitu kitakachobaki baada ya mazishi.

Tuanze basi na shirika lenyewe. Chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016, kikundi cha kijamii kinaweza kujisajili wilayani, na wengi wameishia hapo kwa kuwa ni rahisi. Cheti hicho kinatosha kuendesha semina, lakini kwa kushika mali ya miaka ishirini tafuta hadhi imara zaidi. Muulize wakili kuhusu kampuni yenye ukomo wa dhamana isiyogawa faida, inayosajiliwa na Uganda Registration Services Bureau, au kuhusu bodi ya wadhamini inayoandikishwa kisheria ili mali ibaki kwa jina moja hata wadhamini wakibadilika. Hakikisha pia kwamba vibali vyako havijapitwa na wakati, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2024 yaliingiza kazi za ofisi iliyokuwa ikisimamia mashirika haya ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wosia ukitaja jina ambalo sheria hailitambui, au jina linalotofautiana herufi mbili na lile la cheti, shirika litajikuta linajieleza mahakamani badala ya kupokea hiba yake.

Hadhi ya kisheria bila watu sahihi ni karatasi tu. Udhaifu mkubwa wa mashirika yanayoongozwa na wakimbizi ni kwamba viongozi wake bora ndio wenye uwezekano wa kuondoka. Mtu anapata nafasi ya kuhamishiwa Kanada au Australia, na ikiwa yeye ndiye mwenye kadi ya benki, nywila ya barua pepe na urafiki na wafadhili, shirika linapanda ndege pamoja naye. Bodi iwe ya watu wasiopungua watano, wakimbizi na raia wa Isingiro na Mbarara kwa pamoja, na wasiwe wa ukoo mmoja wala kanisa moja. Watia saini benki wawe watatu, na fedha isitoke bila saini za wawili. Kuwamo kwa raia kunaendana na sera ya Uganda yenyewe, inayotaka misaada ya wakimbizi iwafaidi pia wenyeji, kwa kipimo ambacho kwa kawaida hutajwa kuwa asilimia 30. Na kwa daftari, wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Mlipe mhasibu wa Mbarara akague hesabu kila mwaka, hata kama fedha zenyewe ni chache, na muhtasari wa hesabu hizo ubandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma. Mtu anayefikiria kukuachia sehemu ya mali yake atatafuta kwanza miaka mitatu au minne ya hesabu zinazoeleweka, na hakuna maneno matamu yanayoweza kujaza pengo lake.

Aombwe nani? Nianze na asiyepaswa kuombwa. Mama aliyeondolewa kwenye orodha ya chakula na anayelea wajukuu watano haombwi wosia kwa ajili ya shirika, hata akijitolea mwenyewe. Ushauri mwema kwake ni kwamba alichonacho kiende kwa hao wajukuu. Wanaofaa kuombwa wako katika makundi matatu. La kwanza ni watu waliopita Nakivale na sasa wana makazi mapya ng'ambo. Wengi wao wameajiriwa, na ajira za huko mara nyingi huja na bima ya maisha na akiba ya uzeeni, ambazo mwenye nazo hujaza fomu kutaja nani alipwe akifa na kwa asilimia ngapi. Mtu anaweza kuandika asilimia 95 kwa mkewe na watoto na asilimia 5 kwa shirika lililomfundisha Kiingereza au ushonaji, bila kumwona wakili. Kwa kuwa kampuni za bima huko hupata taabu kulipa shirika la nchi nyingine, ni vyema fomu itaje shirika rafiki lililosajiliwa katika nchi hiyo, na makubaliano kati yenu na shirika hilo yawe ya maandishi.

Kundi la pili ni watu wa Mbarara na wilaya zinazouzunguka mji huo: madaktari na wahadhiri, walimu wastaafu, wafanyabiashara, wafugaji wenye mifugo na mashamba. Hawa husahaulika kwa sababu tumezoea kudhani kwamba mkimbizi husaidiwa na mgeni wa mbali. Lakini mwenye duka Mbarara anauza kwa watu wa Nakivale kila wiki, na mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara anaweza kutibu wagonjwa kutoka huko katika mafunzo yake. Uhusiano upo, ila haujawahi kupewa jina. Kundi la tatu ni marafiki wa nje waliowahi kujitolea au kufanya kazi makazini na bado wanaandika barua. Kwa hawa kodi ina maana kwa kiasi fulani: Uingereza, kwa mfano, mirathi inayozidi pauni 325,000 kwa kawaida hutozwa asilimia 40, na kiwango hicho hushuka hadi 36 mtu akiacha angalau sehemu ya kumi kwa hisani, lakini hisani hiyo lazima iwe imesajiliwa huko. Tena shirika rafiki ndilo daraja. Usianze na majina mia. Andika majina ishirini ya watu wanaoijua kazi yenu kwa miaka, na umpe kila mmoja nafasi ya kuzungumza ana kwa ana au kwa simu.

Maneno ya wosia yenyewe yawe mafupi. Toa mfano wa sentensi ambayo wakili wa mtoaji anaweza kuirekebisha: "Ninaliachia shirika fulani, lenye namba fulani ya usajili, asilimia tano ya mali yangu itakayobaki baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, zitumike kwa kazi zake kwa jumla, na ikiwa shirika hilo halitakuwepo, msimamizi wa mirathi alipe kiasi hicho kwa shirika jingine lenye malengo yanayofanana." Kila sehemu ya sentensi hiyo ina sababu yake. Asilimia ni bora kuliko kiasi kilichotajwa, kwa kuwa fedha zetu hazikai mahali pamoja. Mwaka 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya moja kwa shilingi mia za zamani, na Mkongo wa makamo anakumbuka mwaka 1993, zaire mpya moja ilipokuwa sawa na zaire milioni tatu. Aliyeandika kiasi maalumu kabla ya siku hizo aliacha karatasi. "Kazi zake kwa jumla" ni bora kuliko lengo jembamba, kwa kuwa Nakivale hubadilika. Wanyarwanda wengi waliokuwa huko waliondoka baada ya 1994. Fedha iliyofungwa kwa watu wa taifa moja au kwa darasa moja ingekosa mtu wa kuitumia. Na sehemu ya mwisho, ya shirika mbadala, inamwonyesha mtoaji kwamba mnajali lengo kuliko jina lenu.

Kuna mali ambazo shirika lazima lijifunze kuzikataa. Kiwanja ambacho mkimbizi amegawiwa ndani ya makazi ni cha kutumia. Kanuni za wakimbizi za mwaka 2010 haziruhusu kukiuza wala kukihamisha, kwa hiyo hakiwezi kuachwa kwa wosia, na shirika likikubali ahadi ya namna hiyo linajiingiza katika ugomvi na Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi, na pia na watoto wa marehemu. Ardhi ya raia nayo inataka tahadhari. Katiba ya Uganda ya 1995 na Sheria ya Ardhi zinamruhusu asiye raia kupangishwa ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni inayodhibitiwa na wasio raia huhesabiwa kama asiye raia. Shamba la Isingiro likiachwa kwa shirika la wakimbizi linaweza kuhitaji mpango mwingine, kama vile kuuzwa na msimamizi wa mirathi kisha fedha ndizo zikabidhiwe. Ng'ombe wa Ankole ni zawadi ya heshima kubwa, lakini shirika lisilo na malisho liseme mapema kwamba litauza. Bodi iandike ukurasa mmoja unaotaja mnachopokea, msichopokea, na nani anaamua, kabla zawadi ya kwanza haijaleta mabishano.

Pingamizi la kwanza utakalokutana nalo ni kwamba kuzungumzia wosia ni kumwitia mtu kifo, na kwamba shirika linalofanya hivyo linawanyang'anya mayatima. Pingamizi hili lina uzito na halijibiwi kwa kucheka ushirikina. Linajibiwa kwa kuifanya elimu ya wosia kuwa huduma kwanza na ombi baadaye. Sheria ya Mirathi ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2022, inasema kwamba mtu akifa bila wosia na kuacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, watoto na vizazi vyao hupata asilimia 75, mwenzi 20, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Wajane wengi hawajui hilo, na wanafukuzwa nyumbani na mashemeji. Shirika likiandaa siku moja kila mwaka ambapo wanasheria wanaeleza haki hizo bure, kwa Kiswahili, kwa Kinyankole na kwa Kisomali, linawalinda mayatima kuliko linavyowapunja. Siku hiyo pasiombwe hata senti. Watu waelezwe kwamba wosia uwe wa maandishi, utiwe saini au dole gumba, ushuhudiwe na watu wazima wasiopungua wawili, na kwamba anayeachiwa kitu asiwe shahidi. Kwa sababu hiyohiyo mtumishi wa shirika asishuhudie, asiandike wala asitunze wosia unaolitaja shirika.

Kuhusu familia, sheria na dini ziko upande wa tahadhari, na shirika lijiweke upande huohuo. Mahakama inaweza kuingilia wosia uliowasahau wategemezi. Katika sheria ya Kiislamu mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake kwa wasio warithi. Shirika dogo lingefanya vyema kwenda chini zaidi: liseme waziwazi kwamba linapendekeza sehemu ya ishirini, na kwamba lingependa mwenzi na watoto wakubwa wa mtoaji wawe wanajua. Hiba iliyofichwa ndiyo inayoishia mahakamani Mbarara, ambako gharama ya kesi inaweza kumeza hiba yenyewe. Aliyewaambia wanawe akiwa hai amewaachia pia fahari ya kuitimiza.

Pingamizi la pili ni la njaa: fedha inatakiwa mwezi huu, na ninyi mnazungumzia miaka kumi ijayo. Ni kweli, na usiache mbachao kwa msala upitao. Maombi ya ruzuku yaendelee, michango ya mwezi iendelee, biashara ndogo za shirika ziendelee. Mpango wa wosia usile zaidi ya siku mbili tatu za kazi kwa mwezi za mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, na gharama zake ni ada ya wakili mara moja, muda wa simu na karatasi. Lakini tazama kwamba karibu kila kitu ambacho mpango huu unakidai, yaani usajili thabiti, bodi inayokutana, hesabu zilizokaguliwa na orodha ya marafiki wanaokumbukwa, ndicho hichohicho ambacho mfadhili wa leo hukiomba kabla ya kutoa ruzuku. Hata asipokufa mtu kwa miaka kumi na mitano, shirika lililojiandaa kwa urithi litakuwa limejiandaa pia kwa ruzuku.

Pingamizi la tatu linasema kwamba Nakivale ni ya muda, kwa hiyo hakuna haja ya kujenga cha kudumu. Historia ya mahali penyewe imekwisha kulijibu. Watu mmoja mmoja ni wa muda, makazi si ya muda, na kadiri watu wanavyokuja na kuondoka ndivyo inavyohitajika taasisi inayokaa ikiwapokea wapya. Wanaoondoka nao si hasara tupu: kila anayehamia Ohio au Brisbane anaweza kuwa rafiki wa miaka arobaini, ikiwa shirika litabaki na anwani yake na kumwandikia walau mara mbili kwa mwaka bila kumwomba kitu.

Fedha ya kwanza ikifika, kishawishi kitakuwa kulipia mapengo. Bodi iamue mapema, kwa maandishi. Kanuni rahisi ni kwamba hiba za wosia zijaze kwanza akiba ya miezi sita ya matumizi ya lazima, nazo zikae benki ambako zinafikika. Ikishajaa, zinazozidi ziwekwe mahali salama penye faida, na Uganda njia iliyo wazi ni dhamana za serikali, ambazo hununuliwa kupitia benki kuanzia shilingi laki moja. Shirika litumie sehemu tu ya faida kwa mwaka, na sehemu nyingine irudishwe ndani ili mfuko usiliwe na kupanda kwa bei. Mtaji usiguswe ila kwa kura ya theluthi mbili za bodi na sababu iliyoandikwa. Na kila mwaka familia ya mtoaji ipelekewe barua inayoeleza fedha ya mzazi wao ilifanya nini.

Anayetaka kuanza agawe mwaka wake hivi. Miezi mitatu ya kwanza ni ya wakili, usajili na ukurasa wa mali mnazopokea. Mitatu inayofuata ni ya bodi, watia saini wapya na ukaguzi wa hesabu. Katika miezi mitatu ya baadaye fanyeni siku ya elimu ya wosia na mkusanye anwani za waliohama. Mitatu ya mwisho ndiyo ya mazungumzo na wale watu ishirini, na wajumbe wa bodi wenye uwezo watangulie kuandika wosia wao, kwa kuwa anayeomba asilolifanya hujulikana upesi. Usihesabu mafanikio kwa shilingi katika miaka mitano ya kwanza. Hesabu walioahidi kwa maandishi, hesabu hesabu zilizokaguliwa kwa wakati, na uliza swali moja ambalo bodi nzima italijibu kwa uaminifu: mwanzilishi akiondoka kesho, ofisi itafunguliwa Jumatatu? Mkiweza kusema ndiyo, mna haki ya kumwomba mtu yeyote awaandike kwenye wosia wake. Mkishindwa, hiyo ndiyo kazi ya kuanza nayo kabla ya ombi lolote jingine.